Aliyetoa Taarifa Apewe Stakabadhi: Mhadhara kuhusu Maadili ya Utafiti, Teknolojia na Sera za Afya katika Nachingwea na Ruangwa

 

Nimeombwa kuzungumzia maswali ya maadili katika tiba ya kisasa, teknolojia na sera za umma. Uwanja huo ni mpana. Ungeweza kutufikisha kwenye upandikizaji wa figo, unaofanyika Muhimbili tangu 2017, au kwenye mashine zinazosoma picha za mapafu zikamwambia daktari wapi atazame. Nimechagua kubaki hapa hapa, kwa sababu Nachingwea na Ruangwa ni miongoni mwa wilaya za vijijini ambazo vizazi na vifo vyake vimehesabiwa kwa makini, vikaandikwa katika majarida makubwa ya tiba duniani, na bado ni watu wachache katika ukumbi huu wanaoweza kutaja hesabu moja iliyotokana na kazi hiyo. Nia yangu ni kutetea dai moja: kwamba anayetoa taarifa za afya yake, au za maiti wake, anabaki akidai. Kumlinda kwa kuficha jina lake ni nusu ya maadili. Nusu ya pili ni kumrudishia kilichojulikana kutokana na alichotoa, kwa namna itakayomwezesha kuuliza na kudai huduma.

1. Kilichochukuliwa hapa

Mwaka 2004 wadadisi walipita katika wilaya tano za kusini mwa Tanzania, yaani Lindi Vijijini, Nachingwea, Ruangwa, Newala na Tandahimba, wakihoji kaya zaidi ya 21,000. Hawakubeba mafaili ya madodoso. Walibeba kompyuta ndogo za kiganjani, na majibu ya mama yaliingizwa papo hapo barazani kwake, wakati ambapo vijiji vyetu vingi havikuwa hata na mtandao wa simu. Watafiti walikuwa wa kituo cha Ifakara, ambacho leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, pamoja na wenzao wa London School of Hygiene & Tropical Medicine. Walikuwa wakipima njia ya kumkinga mtoto mchanga dhidi ya malaria kwa kumpa dozi ya dawa ya malaria iitwayo SP siku ile ile anapoletwa kliniki kuchanjwa, akiwa na miezi miwili, mitatu na tisa. Tarafa 24 ziligawanywa kwa kura: 12 zipate dawa hiyo, 12 ziwe za kulinganishia. Mwaka 2007 kaya za wilaya hizo tano zikaorodheshwa tena, safari hii karibu zote, na mahali ilipo kila nyumba pakarekodiwa kwa GPS.

Kisha, kati ya 2010 na 2013, ukaja mradi wa Mtunze Mtoto Mchanga katika wilaya sita, Mtwara Vijijini ikiongezwa kwenye zile tano. Katika kata 65 kati ya 132 walichaguliwa wajitolea wa vijijini, wakafundishwa kumtembelea mjamzito mara tatu kabla hajajifungua na mara mbili katika siku za kwanza baada ya kujifungua. Wengi wenu mnawajua wajitolea hao, na pengine wamo humu ndani. Walikuwa wakipima unyayo wa kichanga, kwa kuwa katika zahanati isiyo na mizani, au kwa mtoto aliyezaliwa nyumbani, unyayo usiofika sentimeta 8 ni dalili kwamba huyu huenda amezaliwa na uzito mdogo na anahitaji kubebwa kifuani, ngozi kwa ngozi, na kupelekwa hospitali. Ni elimu rahisi na ya maana sana. Matokeo yalichapishwa 2015: kina mama walionyonyesha maziwa yao pekee katika siku tatu za mwanzo walikuwa wengi zaidi katika kata zenye wajitolea, lakini vifo vya vichanga havikupishana kati ya kata hizo na nyingine.

Naomba tusiipite haraka habari hiyo ya mwisho, maana ndiyo yenye uzito kwa sera. Kama mama amefuata ushauri, na bado kichanga kinakufa kwa kiwango kile kile, basi ni lazima tutazame kinachomngoja anapofika kituoni: kuna nani zamu ya usiku, kuna kifaa cha kumsaidia mtoto apumue, kuna gari la rufaa? Hilo ni jibu ambalo lilistahili kusomwa kwenye mkutano wa kila kijiji kilichotoa mjitolea. Sisemi kwamba watafiti hawakurudi. Vikao vya kutoa mrejesho hufanyika, na wapo watafiti wenye moyo huo. Ninachosema ni kwamba kurudi kwao kunategemea moyo huo, na mambo ya haki hayafai kuachiwa moyo wa mtu.

2. Dole gumba halimalizi deni

Karatasi ya ridhaa tunaifahamu. Inasomwa kwa Kiswahili, mara nyingine inafafanuliwa kwa Kimwera au Kimakua, inaeleza kwamba kushiriki ni hiari, kwamba jina halitatajwa, kwamba unaweza kujitoa wakati wowote. Kisha saini, au wino wa dole gumba. Utaratibu huo una historia ndefu, kutoka kesi za madaktari wa Ujerumani baada ya Vita vya Pili vya Dunia mpaka Azimio la Helsinki la 1964 na marekebisho yake. Hakuna sababu ya kuudharau. Lakini utazameni kwa jicho la mtu wa tarafa iliyoangukia upande wa kulinganishia katika kipimo kile cha SP. Yeye hakukataa dawa, wala hakuikubali. Kura ilipigwa juu ya tarafa nzima. Aliulizwa tu kama yuko tayari kujibu maswali na mtoto wake kutolewa tone la damu. Pale ambapo kipimo kinawekwa juu ya jamii, ridhaa ya mtu mmoja mmoja inafunika sehemu ndogo ya jambo, na sehemu kubwa inaamuliwa na viongozi kwa niaba ya wengine. Kama jamii ndiyo iliyopimwa, jamii ndiyo inayodai majibu.

Fuateni mfano wa SP hadi mwisho wake. Dawa hiyo ilifanywa tiba ya kwanza ya malaria nchini 2001, na kufikia mwishoni mwa 2006 nafasi yake ikachukuliwa na dawa mseto, ALu, kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea. Katika miaka hiyo hiyo watoto wa tarafa zilizochaguliwa hapa walikuwa wakipewa SP kama kinga. Hilo peke yake si kosa: dawa iliyochoka kutibu inaweza bado kukinga, na wajawazito wanaendelea kuimeza kliniki. Mwaka 2009 majaribio yaliyofanyika Korogwe yalionyesha kwamba pale, penye usugu mkubwa, SP haikuwakinga watoto. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kinga hiyo kwa nchi za Afrika, kwa sharti kwamba usugu wa vimelea usiwe umevuka kiwango kilichowekwa. Katika miaka iliyofuata Tanzania haikuifanya sehemu ya ratiba ya chanjo. Sierra Leone, ambako usugu ulikuwa mdogo, ikawa nchi ya kwanza kuifanya huduma ya taifa zima.

Kwa hiyo watoto wa kusini mwa Tanzania walichangia maarifa yaliyokwenda kuwakinga watoto wa Afrika Magharibi. Mimi naliona hilo kuwa jambo la heshima, na nadhani mama wa Mnero au wa Mandawa angeliona hivyo hivyo kama angeambiwa. Lakini angeuliza swali la pili, na swali hilo ni la haki kabisa: “Kama dawa ile haikufaa tena kwetu, sisi tumepewa nini badala yake?” Karatasi ya ridhaa haikumpa mahali pa kuliuliza.

3. Jumla huona kile ambacho kijiji hakiwezi kukiona

Sasa nafika kwenye hoja ninayoitegemea kuliko zote, nanyi mnivumilie kwa hesabu kidogo. Uchambuzi wa orodha ile ya 2007, uliohusu kaya 226,000 na kuchapishwa 2015, uliangalia vifo vya wanawake vinavyotokana na uzazi. Katika wilaya zile tano kiwango kilikuwa vifo 712 kwa kila vizazi hai 100,000. Kisha wakapima umbali kutoka kila nyumba hadi hospitali. Kwa sababu zinazotokana moja kwa moja na uzazi, kama kuvuja damu na kifafa cha mimba, wanawake waliokaa ndani ya kilomita 5 kutoka hospitali walikufa kwa kiwango cha 111 kwa kila vizazi 100,000. Waliokaa zaidi ya kilomita 35 walikufa kwa kiwango cha 422. Wilaya ni zile zile, nchi ni ile ile, wizara ni moja.

Chukueni kiwango hicho cha 712 mkishushe hadi kijijini. Ni takribani kifo kimoja kwa kila vizazi 140. Kijiji chenye vizazi 70 kwa mwaka kitazika mama mmoja aliyekufa kwa uzazi katika miaka miwili. Kikiwa na bahati, kitakaa minne bila msiba huo. Kikikosa, kitapata miwili mwaka mmoja na watu wataanza kunong’ona juu ya mkunga, au ushirikina, au mkwe. Kutoka barazani kwake, hakuna mzee, awe na busara kiasi gani, anayeweza kuona kwamba umbali ndio unaoua. Anachokiona ni msiba wa nyumba fulani, wenye sababu zake: mvua ilikuwa kubwa, bodaboda ilikwama mtoni, mume alikuwa safarini, damu hospitalini ilikuwa imekwisha. Kila msiba una hadithi yake, na kila hadithi ni ya kweli. Hadithi hizo zinapokusanywa kwa maelfu ndipo sura moja inajitokeza nyuma yake.

Maana yake ni kwamba aliyekusanya ana elimu ambayo aliyekusanyiwa hawezi kuipata kwa njia nyingine yoyote, hata awe makini namna gani. Hapo ndipo wajibu wa kurudisha unapozaliwa, na ni wajibu mzito kuliko adabu ya kusema ahsante. Tukumbuke pia taarifa hizo zilipatikana vipi. Ili kujua mama yule alikufa kwa nini, mdadisi aliketi na ndugu zake akauliza, swali baada ya swali, kwa utaratibu uliopangwa: alianza kutoka damu lini, ilikuwa kiasi gani, alipata degedege, mlikaa muda gani kabla ya kuamua kuondoka, mlipata usafiri gani, mlifika saa ngapi. Waliojibu ni mama mzazi, dada, mume. Walirudishwa kwenye usiku ambao pengine hawakuwahi kuusimulia kwa mtu. Kuwaomba watu jambo kubwa kiasi hicho, kisha kuliweka jibu katika jarida la Kiingereza, ni kuwafanya kisima na kuwaacha na kiu.

Katika wilaya hizi mbili hakuna haja ya kueleza stakabadhi ni nini. Mkulima anapofikisha korosho au ufuta wake kwenye chama chake cha ushirika, yaani AMCOS, mzigo unapimwa mbele yake, anapewa karatasi yenye kilo na daraja, na siku ya mnada wa RUNALI, chama kikuu cha ushirika, bei za wanunuzi zinasomwa hadharani. Zikiwa chini, wakulima wanakataa kuuza, na tumewaona wakikataa. Mzigo umetoka mikononi mwake, uko ghalani, huenda utasafiri hadi India, lakini karatasi inamfanya aendelee kuwa na kauli. Taarifa ya afya hutoka mikononi mwa mtu bila karatasi ya namna hiyo. Ndiyo maana nimeuita mhadhara huu hivyo.

4. Sheria inalinda jina. Nani analinda kijiji?

Mtaniambia kwamba sasa tuna sheria. Ni kweli, na ni hatua kubwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, inamtaka mkusanyaji aseme anakusanya kwa lengo gani, na imeunda Tume ya kuisimamia. Katiba yenyewe, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu, na ibara ya 18 inampa raia haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha yake na kwa jamii. Bunge lilipoirekebisha Sheria ya Takwimu mwaka 2018 na kutisha watu kuhusu kuchapisha hesabu zinazopishana na za serikali, mwaka uliofuata likairekebisha tena. Tunajifunza, polepole.

Hata hivyo, sheria ya faragha imejengwa juu ya mtu mmoja mmoja. Inauliza kama jina lako limevuja. Haiulizi kama kata yako, iliyohesabiwa mara tatu, imewahi kuonyeshwa hesabu yake. Vibali vya utafiti vya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) kwa kawaida humtaka mtafiti apeleke taarifa za maendeleo wizarani, NIMR, kwa mganga mkuu wa mkoa na wa wilaya, na nakala za machapisho zifike juu huko. Njia inapanda vizuri hadi wilayani. Kutoka wilayani kushuka kijijini hakuna aliyelazimishwa kuitembea. Azimio la Helsinki, katika toleo la 2013, linasema wote walioshiriki wapewe nafasi ya kuelezwa matokeo ya jumla. Wasan wa Afrika Kusini, waliochoka kuchunguzwa damu na ndimi zao kwa miongo mingi, walitoa mwaka 2017 kanuni zao wenyewe kwa watafiti, wakidai heshima, ukweli, haki na kujaliwa. Dai hilo halikuanzia katika chuo kikuu. Lilianzia kwa watu waliochunguzwa.

Na majirani zetu wa Kenya wanaendelea kutuonyesha kwamba wananchi wanaweza kusimama mahakamani juu ya jambo hili. Oktoba 2021 Mahakama Kuu yao ilibatilisha utoaji wa kadi ya utambulisho ya Huduma kwa sababu athari zake kwa taarifa za watu hazikutathminiwa kwanza. Desemba 2025 mahakama hiyo ilisimamisha kwa muda utekelezaji wa makubaliano ya afya na Marekani katika sehemu ya kutoa taarifa za wagonjwa. Mtu anaweza kubishana na uamuzi huo. Makubaliano hayo yalihusu fedha pia, na fedha za dawa ni fedha za dawa. Lakini swali limeshaulizwa hadharani, na sisi tutaulizwa pia.

5. Wanaopinga, na haki yao ya kusikilizwa

Pingamizi la kwanza ni zito. Daktari wa wilaya atasema: ukinitaka nisome vifo vya uzazi katika mkutano wa kijiji, nitasoma “kimoja”, na kila aliyeketi pale atamjua marehemu, mume wake na nesi aliyekuwa zamu. Umeahidi siri kwa mkono mmoja, umeivunja kwa mwingine. Yuko sahihi, na ndiyo maana nimewapa hesabu ile ya vizazi 140. Inaonyesha ngazi inayofaa. Kijiji ni kidogo mno kwa hesabu hii. Tarafa nzima, kwa miaka mitatu au minne pamoja, inatosha. Na kinachosomwa kiwe upande wa huduma: wangapi walifika bila usafiri wa rufaa, mara ngapi benki ya damu ilikuwa tupu, saa ngapi zilipita kati ya simu na gari. Hayo hayamtaji marehemu hata kidogo, na ndiyo ambayo diwani anaweza kuyafanyia kazi. Vikao vya kitaalamu vya kupitia kila kifo viendelee kuwa vya siri. Muuguzi akiogopa kuumbuliwa ataficha, na tutapoteza hata hicho tunachokijua.

La pili, kwamba wananchi hawaelewi takwimu, silipi muda mrefu. Watu wanaokokotoa makato ya halmashauri, ya ushirika na ya magunia kwa senti katika kila kilo wanaweza kuelewa 111 na 422. Historia ya mji wa Nachingwea inatoa onyo kuhusu wataalamu wanaodhani wao peke yao ndio wenye akili: mradi wa karanga wa Waingereza, uliopangwa London na kuanza 1947, uliletewa reli kutoka pwani na matrekta kwa mamia, ukafutwa 1951, na reli yenyewe ikang’olewa. Waliolima ardhi hii tangu zamani hawakuulizwa kuhusu mvua wala udongo.

La tatu ni gharama, na hapa nakubali nusu. Mtafiti kijana wa shahada ya uzamili, mwenye pikipiki ya kuazima, hawezi kuzunguka vijiji arobaini. Mradi wenye magari, mafuta na posho za miaka mitatu unaweza. Basi wajibu ulingane na ukubwa wa mfuko: mwanafunzi aandike ukurasa mmoja wa Kiswahili ubandikwe kwenye ubao wa zahanati, mradi mkubwa uweke fungu la mrejesho kwenye bajeti tangu mwanzo, na kamati ya maadili iukatae mradi usio nalo, kama inavyoukataa usio na karatasi ya ridhaa.

Lipo pingamizi la nne, ambalo halisemwi kwa sauti: kwamba hesabu mbaya zitamchafua mbunge, mkurugenzi au chama, hasa uchaguzi unapokaribia. Zitafanya hivyo, ndiyo.

6. Mashine mpya zinakuja na deni jipya

Mpaka sasa nimezungumza kuhusu utafiti, ambao una mwanzo na mwisho. Tunakoelekea, ukusanyaji hautakuwa na mwisho. Vitabu vya MTUHA, ambavyo wahudumu wetu wamevijaza kwa kalamu tangu miaka ya 1990, vinahamia kwenye kompyuta. Hospitali na vituo vinatumia mfumo wa kompyuta uitwao GoTHOMIS. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inamtaka kila mwananchi ajiunge na bima, na kujiunga ni kuwa na rekodi. Mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa Aprili 2022, unapokea simu ya bure kwa namba 115, unapima dharura ya mjamzito au kichanga kwa programu, na kama gari la wagonjwa liko mbali unamwita dereva wa kijijini aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa simu. Ukikumbuka zile kilomita 35, utaona kwamba hii ni teknolojia inayogusa chanzo chenyewe cha vifo, nami naiunga mkono bila kusita.

Lakini kila simu ya 115 inaacha alama: ilipigwa saa ngapi, kutoka wapi, ilijibiwa baada ya dakika ngapi, gari lilifika au halikufika. Alama hizo zikijumlishwa kwa kata zitatuambia, mwezi kwa mwezi, jambo ambalo mwaka 2007 lilihitaji watu wapite nyumba kwa nyumba. Ni nani atakayeziona? Ikiwa zitaishia kwenye skrini za Dodoma na kwa wafadhili, tutakuwa tumerudia yale yale kwa kasi kubwa zaidi. Na taarifa zilizokusanywa kwa lengo moja sasa zinaweza kufundishia mashine ambazo mwaka 2004 hakuna aliyeziota. Mama aliyekubali kujibu kuhusu malaria hakukubali, wala hakukataa, nyumba yake kuwa nukta katika ramani ya kampuni ya bima. Kwa taarifa za zamani hatuwezi kumrudia kila mtu. Tunaweza kumrudia aliye karibu naye: halmashauri na kata, kabla ya kila matumizi mapya.

7. Yanayowezekana kuanzia msimu huu

Mengi ya haya hayangoji Bunge. Halmashauri zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Mabaraza ya Madiwani ya Nachingwea na Ruangwa yanaweza, kwa maneno yanayofanana ili mtafiti asichague palipo rahisi, kuagiza kwamba kila mradi wa afya unaokusanya taarifa za watu uandikishwe katika daftari moja kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, lililo wazi kwa mwananchi yeyote kulisoma. Kwamba kila mradi utoe matokeo yake kwa Kiswahili ndani ya muda uliokubaliwa. Na kwamba matokeo hayo yasomwe katika mikutano mikuu ya vijiji, ambayo kisheria inapaswa kufanyika kila miezi mitatu na ambayo mara nyingi, tuseme ukweli, hukosa ajenda ya maana. Kule Kilifi, Kenya, kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome kina wawakilishi waliochaguliwa na wanavijiji wenyewe, wanaokutana na watafiti mara kwa mara kupeleka maswali na kurudi na majibu. Sisi tunao wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wa taifa uliozinduliwa Januari 2024 unalenga wafike 137,294 nchi nzima. Kazi yao isiwe kukusanya tu. Kila robo mwaka wanayopeleka hesabu juu, wapewe karatasi ya kurudi nayo.

Na ombi la mwisho ni kwa waganga wakuu wawili walioketi mbele yangu. Zile hesabu za 2007 sasa ni za zamani. Barabara zimetengenezwa, vituo vya upasuaji vimeongezeka, na huenda pengo kati ya kilomita 5 na 35 limepungua sana. Lipimwe tena, kwa rekodi mlizonazo za rufaa na za 115, tarafa kwa tarafa, na majibu yaletwe kwenye kikao cha baraza kabla bajeti ya mwaka ujao haijafungwa, ili fedha za gari, za damu na za nyumba za kusubiria wajawazito ziende penye vifo vingi. Nimemaliza upande wangu, Ndugu Mwenyekiti. Ningeomba maswali yaanze na wahudumu wa zahanati, kwa kuwa ndio watakaoulizwa kwanza huko vijijini, na pengine wanaona ugumu ambao mimi sijauona.